Siku Tatu Bila Kufuli

Daktari Mwantumu aligusa nyuma ya sikio langu kwa kijiti chake cha sumaku, akahesabu mpaka saba, kisha akasema, "Tayari. Umefunguliwa."

"Sisikii kitu."

"Wote husema hivyo." Akaandika kwenye fomu yake: Jumatatu, saa nne asubuhi. "Una siku tatu, Sajini Aikande. Alhamisi saa nne kamili utakaa mbele ya Kapteni Oforo. Utasaini miaka miwili mingine au utarudisha sare. Ukisaini, nakufunga palepale. Usiposaini, unakwenda zako kama ulivyo."

"Na nikisaini sasa hivi?"

"Sheria hairuhusu."

Nilijua hairuhusu. Niliuliza kwa sababu mimi ni mtu wa haraka, na Kituo cha Sita kilikuwa kinanisubiri. Sheria yenyewe ni fupi: anayejitolea ajitolee akiwa mzima. Mtu aliyefungwa hawezi kumsainia yule aliyekuwa kabla ya kufungwa. Kwa hiyo miaka minne ya mkataba ikiisha wanakushusha kutoka mstarini, wanakufungua, wanakuacha uhangaike kambini siku tatu, halafu wanakuuliza kama bado unataka.

Kufuli lenyewe ni dogo kuliko punje ya ulezi. Halifuti kumbukumbu hata moja. Kwa miaka minne nilijua jina la binti yangu, siku aliyozaliwa na namba ya viatu vyake. Nilichofungiwa ni kitu kimoja tu, hamu ya nyumbani. Nilimjua Anasia kama ninavyojua kwamba Jumanne hufuata Jumatatu.

Nilitoka nje ya zahanati nikijisifu moyoni. Niliwahi kuwacheka waliofunguliwa kabla yangu. Niliona dume la mtu, mabega kama mlango wa ghala, linalia kwa sababu limenusa sabuni ya kufulia. Nikasema, hawa hawakuumbwa kwa kazi hii.

Saa sita nikaenda jikoni kuchukua chakula. Mpishi alikuwa anamenya ndizi mbichi ndani ya beseni la maji ili utomvu usimshike mikono. Nikamtazama. Nikasema moyoni, baba hakuwahi kutumia maji. Alimenya hivihivi, mikono ikawa myeusi kwa utomvu, mama akamgombeza miaka thelathini, na hata mama alipotangulia baba aliendelea kumenya hivihivi.

Halafu nikakumbuka kwamba baba amekufa.

Alikuwa amekufa miezi tisa iliyopita, na siku ileile niliambiwa. Nilijibu ujumbe, nikamaliza uji wangu, nikapanda zamu. Sasa nilikuwa nimesimama na sahani mkononi na habari ile ndiyo kwanza inafika. Sahani ilianguka. Mpishi akaniuliza kama nimeungua, nikamwambia ndiyo, nimeungua, na sikuwa nasema uongo.

*

Usiku ule sikulala, na kesho yake sikuweza kukaa kitako. Niliuzunguka uwanja wa gwaride mpaka mlinzi wa lango akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilitaka kumpigia simu binti yangu. Simu ya kambi inapita kwenye waya uliofukiwa, ni salama, lakini ilikuwa na foleni ya watu kumi na wawili, wote waliofunguliwa wiki ile, wote wanaongea muda mrefu na kufuta makamasi.

Mpishi alikuwa na simu yake ya mkononi. Aliificha ndani ya gunia la unga, maana karibu na mstari zimepigwa marufuku. Nilimwomba. Nilijua kwa nini zimepigwa marufuku kuliko mtu yeyote pale kambini, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha askari wapya. Lakini aliyefundisha alikuwa amefungwa. Hakujua inavyokuwa unapotaka kusikia sauti moja tu mpaka unasahau kanuni zako mwenyewe.

Simu iliita mara nne.

"Shikamoo," ikasema sauti ya Anasia. Ana miaka minane. Nilimwacha hajui kufunga kamba za viatu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mjomba yuko bandani kwa ng'ombe. Nimwite?"

"Sikumpigia mjomba. Nimekupigia wewe."

Nikasikia kuku nyuma yake, na redio ya mtu.

"Mama," akasema, "leo una sauti."

"Kwani siku zote sina?"

"Unayo, lakini ni kama ya yule anayesoma taarifa ya habari." Alisema bila ubaya wowote, kama anayenieleza hali ya hewa. "Utakuwa nayo mpaka lini?"

"Mpaka Alhamisi saa nne."

"Alhamisi nina mtihani wa hesabu." Akafikiri kidogo. "Mama, mimi ndiye niliyetupa udongo wako, siku ya babu. Mjomba alisema kitindamimba ndiye hutupa wa mwisho, na wewe hukuja, tukasubiri mpaka padri akaangalia saa. Basi nikatupa mara mbili. Wangu halafu wako."

Nikasikia simu ikichukuliwa, na sauti nzito ya kaka yangu Ndelilio ikaingia.

"Nani mwenzangu?"

"Kaka, ni mimi."

"Mimi nani? Yule aliyeniandikia 'Nimepokea, msinisubiri, zikeni' naye alijiita Aikande."

"Kaka, nisamehe. Nilikuwa nimefungwa."

"Ulijifunga. Hakuna aliyekuja hapa na pingu." Akavuta pumzi. "Na unajua msamaha wetu unavyoombwa. Masale hayapiti kwenye simu."

Akakata.

Masale ni yale majani marefu tunayoyapanda mlimani kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya urithi, na juu ya makaburi. Ukimkosea mtu kosa zito, unampelekea tawi la sale. Akiliona mkononi mwako hawezi kukukatalia, hata kama umemuulia ng'ombe. Atataja faini, nawe huwezi kuikataa faini yake. Ndivyo ilivyo kwetu, na barafu ya mlima ilipoisha watu walisema mila nazo zitayeyuka, lakini hii imebaki.

Kaka alikuwa na haki. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijitolea mwaka ule Waigaji wawili, mashine za bondeni zinazoiga sauti za watu, walipopanda mpaka mtoni wakamwita dada yetu kwa sauti ya marehemu mama. Alitoka na ndoo mkononi. Tuliiona ndoo tu. Wiki ile nikajiandikisha, na baba alinisindikiza mpaka barabarani. Alisema, "Nenda. Lakini urudi ukiwa wewe."

*

Jumatano mchana niliitwa kwenye kibanda cha redio. Alikuwa ni Koplo Sijaona, mwenzangu wa Kituo cha Sita. Tumekaa miaka minne kwenye shimo moja, tumekula sahani moja, mimi ndiye niliyemtoa funza mguuni.

"Sita kwa Kambi," alisema. "Sajini, nimeambiwa bado hujaamua. Ukiondoka tutabaki wanne. Tukiwa wanne hatuna msikilizaji, na kwa kanuni bunduki inawashwa ijiamulie yenyewe mpaka apatikane mwingine. Nimekujulisha."

"Sijaona, hiyo ndiyo salamu?"

"Salamu, Sajini."

Alikuwa amefungwa, nami nilijua, na bado iliniuma. Rafiki yangu mkubwa kuliko wote alikuwa hawezi hata kunikumbuka kwa hamu.

"Ungekuwa umefunguliwa ungeniambia nini?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijui. Labda ningekwambia nenda. Lakini sijafunguliwa, kwa hiyo nakwambia kuhusu bunduki."

Hiyo bunduki ndiyo sababu ya kuwepo kwetu. Waigaji waliundwa na watu wa makampuni ya magadi, zamani, walinde mashimo yao kule bondeni. Makampuni yalikufa, mashine zikabaki, zikajifunza kujitengeneza kwa vyuma chakavu, na zikajifunza kwamba risasi huisha lakini sauti haiishi. Hunasa sauti za watu hewani, kisha huita. Kwanza tuliweka bunduki zinazojiamulia. Zilipiga kila kilichoita, na wanaoita bondeni si Waigaji peke yao. Wako wafugaji, wako akina mama wanaofuata maji. Mwaka wa kwanza zilipiga watu kumi na tisa. Ndipo wakatafutwa watu wenye masikio.

Mimi nina sikio. Mtu anapotaka kusema jambo linalomgusa hushika pumzi kidogo kabla ya neno, hata mtoto, hata mwongo. Mwigaji hashiki. Ukishajua hivyo, na ukafungwa hamu ili sauti ya mama yako isikuinue kitini, kazi inawezekana. Kwa miaka minne nilikuwa nimepitisha watu sitini na mmoja wakiwa hai. Na kanuni ya kwanza niliyofundisha ni hii: ukiitwa kwa sauti ya nyumbani, usigeuke. Hesabu mpaka tatu, sikiliza pumzi, halafu amua.

"Subiri," akasema Sijaona. "Kuna sauti. Upande wa magadi, mita mia nne. Ya mtoto. Sajini, ungependa kusikiliza? Mbadala wako wa kuazimwa, anayerudi kituoni kwake kesho, hana uhakika."

Akageuza kinasa sauti kuelekea bondeni. Kulikuwa na upepo. Kisha nikasikia:

"Mama. Mama, nimekuja. Nina kiu."

Ilikuwa sauti ya Anasia.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kiti kilianguka, nakumbuka nilikuwa mlangoni, halafu kwenye jua, nikikimbilia lango, na mlinzi yuleyule wa jana alinikumbatia kiunoni nikampiga ngumi ya pua. Nilikuwa napiga kelele kwamba ana kiu. Kwenye kibanda nyuma yangu redio ilikuwa inaendelea kuita, mama, mama, nina kiu.

Damu ya yule maskini iliponidondokea mkononi ndipo akili ikarudi. Jana nilipiga simu kupitia hewani. Dakika tatu. Niliwapa sauti yake mwenyewe kwa mkono wangu.

Nikarudi kwenye redio karibu nitambae. "Sajini," Sijaona alikuwa anauliza kwa utulivu, "ni mtu au si mtu?"

Nikafumba macho. Nikahesabu. Mama, nimekuja. Hapakuwa na pumzi. Na kuna jambo jingine ambalo sikio halikuhitajika kulijua: Anasia amelelewa na babu yake. Hawezi kunena na mtu mzima bila shikamoo, hata akiwa anazama.

"Si mtu," nikasema.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Piga."

Sauti ya binti yangu ilikatika katikati ya neno. Sijaona akasema, "Ahsante. Nimepokea," akazima redio, akaenda kula. Mimi nilikaa sakafuni mpaka jua likahama dirishani, na nitasema ukweli kuhusu nilichokuwa nawaza, kwa kuwa nimeapa kuusema. Nilitaka kusaini. Si kwa ajili ya wafugaji, Mungu anisamehe, wala kwa ajili ya Sijaona. Nilitaka wanifunge ili baba aache kufa. Kila saa alikuwa anakufa upya, na kalamu moja tu ingetosha kumnyamazisha.

*

Alhamisi saa nne kasoro robo Kapteni Oforo alikuwa ananisubiri ofisini. Kwetu ni mlima mmoja, vijiji viwili tofauti, na kabla ya nyota zake za begani alikuwa msikilizaji wa Kituo cha Pili. Maofisa wa nyuma hawafungwi. Kila Ijumaa hupanda gari kwenda kwa mke na mapacha wake, na Jumatatu hurudi amebeba parachichi.

Mezani palikuwa na fomu, kalamu, na juu ya fomu tawi la sale lenye majani manne, moja limefungwa fundo.

Nikasimama. "Afande, hili la nini?"

"Keti, dada." Hakuwahi kuniita dada. "Nina kosa. Baba yako aliugua wiki mbili kabla hajafariki. Alituma ujumbe hapa. Alisema, mwambieni Aikande aje, hata kama amefungwa, nimwone tu." Akashika pumzi. Niliisikia. "Ilikuwa wiki ya mashambulizi saba. Kanuni inaniruhusu kuzuia ujumbe. Niliuzuia. Baadaye akafa, nikashindwa kukuambia kwamba alikuita. Naomba unisamehe."

Akalichukua lile tawi kwa mikono miwili akaninyooshea.

Ningekuwa na panga sijui ningefanya nini. Wiki mbili! Baba amelala pale anauliza kama gari la jeshi limefika, na mimi nipo mwendo wa saa tano tu kutoka hapo nakunywa uji. Lakini sale lilikuwa mbele ya macho yangu, na mikono yangu ikainuka yenyewe, kama ilivyofundishwa tangu utoto, ikalipokea.

"Nimekusamehe," nikasema. Niliona mabega yake yakishuka.

"Ahsante. Sasa, kuhusu hii fomu..."

"Afande, tawi hili limekatwa lini?"

"Eh?"

"Ncha zimeanza kunyauka. Hapa kambini halioti. Ulimtuma dereva mlimani. Lini?"

Akatazama meza. "Jumamosi."

"Jumamosi nilikuwa bado nimefungwa. Mkataba wangu ungekuwa na mwaka mmoja zaidi, ungeniletea?"

Akaisogeza kalamu karibu na fomu. Nikamwonea huruma kidogo, maana alikuwa hajui kudanganya mbele ya msikilizaji.

"Aikande," akasema mwishowe, "ni kweli, nimevifunga vitu viwili kwa kamba moja. Lakini bunduki nayo ni kweli. Saa nne ikipita bila saini yako, inawashwa. Jana kulikuwa na akina mama sita pale kisimani. Umepitisha watu sitini na mmoja, nani atampitisha wa sitini na mbili? Saini, nikufunge, hutaumia tena. Jana nimesikia ulivyolia. Ni dakika moja tu."

Alisema kwa upole kabisa, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Nikaiangalia kalamu. Nilikuwa nimeshaamua kuishika. Mkono wa kulia ulikuwa tayari umetoka kwenye sale.

Kumbe ulikuwa mweusi. Tawi lililokatwa hutoa utomvu, si mwingi, lakini nilikuwa nimelibana kwa hasira.

"Hatujamaliza ya kwanza," nikasema. "Nimepokea sale. Sijataja faini."

Akatabasamu, akadhani ametua. "Taja. Beberu? Wawili?"

"Wewe ulikuwa msikilizaji. Kituo cha Pili, miaka mitatu. Bado unasikia, nimekuona unavyowasikiliza wanaoomba ruhusa ya uongo. Faini yangu ni hii: ukae kwenye kiti changu, Kituo cha Sita, mpaka apatikane mwingine. Kuanzia leo saa nne."

Tabasamu likabaki usoni pake peke yake, mwenyewe hayupo.

"Itabidi nifungwe," akasema.

"Ndiyo."

"Wanangu wana miaka miwili. Ndiyo kwanza wanasema baba."

"Najua."

Nilijua, na sikuwa tena na kisingizio cha kutolijua kwa moyo. Sikumpa hukumu, nilimpa mzigo wangu, kwa kamba ileile aliyonifungia yeye. Kama nilikosea, nilikosea nikiwa mzima, na hilo nitalijibu siku ya kujibu. Kapteni alinyanyuka akasimama dirishani. Angeweza kukataa. Hakuna mahakama ya kijeshi inayotambua sale. Lakini mama yake yuko hai, na kaburi la baba yake limezungushiwa masale pande nne.

"Mwite Daktari Mwantumu," akamwambia karani, bila kugeuka.

Nikakunja sare yangu, nikaiweka juu ya fomu. Tawi nikaondoka nalo.

*

Nilifika nyumbani saa kumi jioni. Kaka Ndelilio alikuwa anakata majani ya ng'ombe kando ya njia ya kihambani. Alinyanyuka, akafuta panga kwenye suruali, akanitazama mimi, kisha mkono wangu.

Nikapiga magoti. Nikamnyooshea.

Alikaa muda mrefu bila kulichukua, muda mrefu kuliko mila inavyoruhusu. Kisha akalipokea, akaligeuza.

"Sale hili si la hapa kwetu."

"Nilipewa."

"Na nani?"

"Na mtu aliyekaa mahali pangu. Nilimpeleka mimi."

"Yaani umekuja na msamaha wa mtumba." Lakini sauti ilikuwa imeanza kulegea. "Beberu mmoja. Na usimchague aliyekonda, nakujua wewe. Na hili ukalipande mwenyewe, upande wa miguu, pako wazi. Tulipaacha."

Kaburi la baba liko nyuma ya nyumba, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Pande tatu masale yalikuwa yameshika, mabichi, yananifika gotini. Nikachimba kwa mikono. Nilimwambia baba kwamba nimekuja, nimechelewa, na sijui kama nimerudi nikiwa mimi. Nililia bila kutafuta pa kujificha. Na hata nikilia, sikio langu moja lilikuwa bado liko kule bondeni. Saa kumi na nusu ni saa ya akina mama kutoka kisimani. Nilijiuliza Oforo ameketi namna gani, na kama ameshamwita mtu mtu. Sidhani kama nitaacha kujiuliza.

"Mama!"

Ilitoka nyuma yangu, upande wa nyumba.

Sikugeuka. Mgongo wangu wote ulikaza. Jana tu niliisikia sauti ileile ikisema ina kiu, nami nikasema piga. Udongo ukabaki mkononi. Moja, nikahesabu.

"Mama?"

Mbili. Nilikuwa natafuta pumzi. Upepo ulikuwa kwenye migomba, sikuipata. Miaka minne ya kazi ilinishika shingo ikaniambia, bado, ngoja, hakikisha. Na nikaelewa kwamba ningeweza kukaa hivi kwenye kihamba changu mwenyewe mpaka uzee, mgongo kwa mwanangu, nikihakikisha.

Nikageuka kabla ya tatu.

Alikuwa amesimama mlangoni, mrefu kuliko nilivyomwacha, na kisu kidogo mkono mmoja, ndizi iliyomenywa nusu mkono wa pili. Vidole vyake vyote vilikuwa vyeusi kwa utomvu.

"Shikamoo," akasema. Akaona ninavyoitazama mikono yake, akaificha nyuma kidogo. "Babu alisema hizi hazimenywi majini."